Uso Uliokataa Kukauka

Mama Mkubwa alipiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa anafanya kazi kwa dobi, katika chumba cha nyuma chenye dirisha dogo kama sahani na pasi ya mvuke iliyokoroma mchana kutwa. Alisimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Akirudi nyumbani aliingiza miguu kwenye beseni la maji na kuiambia, "Haya, poleni." Nilipokuwa mdogo nilidhani miguu ya watu wazima wote huongeleshwa.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Hana mume wala mtoto, ana chumba kimoja na ana mimi. Kila Alhamisi nikitoka shule napitia kwake. Ananiita Bi Kwa Nini, kwa sababu anasema tangu nijue kusema sijawahi kukiacha kitu kikapita bila kukiuliza jina la baba yake.

Kisa kimoja cha kwa dobi amenisimulia mara nyingi. Mwaka wake wa nne kazini aliunguza blauzi ya hariri. Alichelewa kuinua pasi, labda kwa muda wa chafya moja. Ikabaki alama yenye umbo la pasi, rangi ya chai. Mwenye blauzi akaiinua juu mbele ya wateja wote na kuuliza, "Hii sasa nivae wapi, jikoni?" Watu wakacheka. Mama Mkubwa hajasahau kicheko kile. Hata leo hagusishi pasi kwenye nguo kabla ya kuijaribu kwenye kitambaa, na akiulizwa anaogopa nini duniani hataji nyoka wala wezi. Anataja kosa lisilorudi nyuma.

Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyochagua rangi.

Mama yao alifariki Mama Mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja, na mama yangu akiwa hajaota hata jino. Ilibaki picha moja tu. Kisha paa likavuja juu ya sanduku, na maji yakachagua pa kukaa. Kwenye picha ile linaonekana gauni la maua, mabega, na mkono ulioshika mgongo wa kiti. Mahali pa uso pana doa la kahawia. Mama ana miaka arobaini na saba na hajawahi kuuona uso wa mama yake. Waliokuwa wanaukumbuka wamekwisha wote, amebaki dada yake.

Wakati mwingine, Mama Mkubwa akija kwetu, Mama husimama mbele ya kioo na kuuliza, "Dada, hapa nimefanana naye?"

"Paji la uso, ndiyo. Pua, hapana. Hiyo pua umeiokota kwa baba."

Wanacheka. Halafu kicheko kinaisha na Mama bado yuko kwenye kioo.

Mwaka jana miguu ilikataa kabisa kazi. Wiki aliyostaafu, Mama Mkubwa alikaa mezani kwetu, akasukuma kikombe pembeni na kusema, "Nataka kumchora Mama."

"Dada! Wewe hata kuku hujawahi kuchora."

"Kuku simkumbuki. Mama namkumbuka."

Mama aliacha kucheka pale pale. Akaenda kabatini, akatoa bahasha yenye ile picha na kumkabidhi. "Nitamwona lini?"

"Akikamilika. Na usije kunichungulia kabla, nakujua."

Tulienda dukani mimi na yeye. Muuza vifaa vya kuchorea alikuwa mzee mwenye miwani moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, kwa hiyo tulimwita Miwani Mbili, ingawa si mbele yake. Alikata kipande cha boksi, akapaka mistari miwili ya rangi ya kahawia, mmoja wa akriliki na mmoja wa rangi ya mafuta. "Kanyweni chai," akasema, "halafu mrudi."

Tuliporudi, ule wa akriliki ulikuwa mgumu kama ukucha. Ule wa mafuta ulinigandia kidoleni.

"Kwa nini huu umekauka na huu hapana?" nikauliza.

"Akriliki ni plastiki ndani ya maji, binti. Maji yakienda zake, plastiki inabaki na kushikana. Mafuta hayaendi popote. Yanakunywa hewa taratibu mpaka yanakuwa magumu yenyewe. Siku kadhaa, wiki, na ukizidisha mafuta, mpaka uchoke."

Mama Mkubwa aliugusa mstari mkavu. "Kwenye huu nikikosea?"

"Unapaka juu yake. Kosa linabaki chini, ila halionekani."

"Lakini lipo."

"Lipo, ndiyo."

Nilimwona akirudi nyuma hatua moja, nikajua ameiona ile blauzi.

"Na huu wa mafuta?"

"Huo unafuta kwa kitambaa chenye tapentaini. Leo, kesho, keshokutwa, unakusubiri tu. Lakini mama, nikwambie ukweli. Kwa mtu anayeanza, chukua akriliki. Inakulazimisha umalize ukale. Rangi ya mafuta inataka mtu anayejua kuacha."

"Mimi najua kuacha. Si nimeacha kazi?"

"Chukua ya mafuta, Mama Mkubwa," nikadakia. "Ukikosea si unafuta?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Alikifanya chumba chake kuwa karakana. Turubai la kuchorea aliliegemeza ukutani juu ya meza yake ya zamani ya kupigia pasi, na picha yenye doa akaibandika kando yake kwa pini. Mirija ya rangi ya mafuta alinunua mitano, na kichupa cha mafuta ya kitani ya kuilainisha. Harufu ya tapentaini iliingia mpaka kwenye mkate. Alianza kwa kupaka turubai lote kahawia nyepesi, kisha akachora gauni, ua kwa ua, akitazama picha. Gauni lilimchukua wiki mbili. Alikuwa na mkono mzuri kuliko tulivyodhani. Anazijua nguo, anajua kitambaa kinavyokunjika mtu akiegemea kitu.

Uso aliufanya akiwa amefumba macho. Yaani anafumba, anakaa kimya, anafumbua, anapaka kidogo, anafumba tena. Mimi nilikaa kitandani na daftari langu la hesabu, sifanyi hesabu.

Alhamisi ya tatu tangu aanze uso, mvua ikiwa inanyesha, nilimkuta amesimama na brashi imening'inia mkononi. Hakunigeukia.

"Njoo umsalimie bibi yako," akasema.

Nilimwona. Alikuwa mwembamba wa mashavu, amegeuza kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine. Alikuwa kijana! Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba bibi yangu alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alifanana na Mama kwenye paji la uso, kama tulivyoambiwa siku zote, na mahali pengine ambapo sikuweza kupataja.

"Ndiye?" nikauliza.

"Ndiye," akasema Mama Mkubwa, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Ndiye huyu. Sijamwona siku nyingi."

Tulikaa tukimtazama. Kama ningenyamaza, kisa kingeishia hapa na kingekuwa kizuri. Lakini mimi ni Bi Kwa Nini.

"Mbona mdomoni kama amekasirika kidogo?"

"Amekasirika?" Alisogea karibu. "Hakuwa mtu wa hasira."

"Hapa kwenye kona."

Akatazama, akatazama tena. Kisha akachukua kitambaa, akachovya kwenye tapentaini na kuifuta kona ya mdomo. Alifuta sehemu ndogo sana, kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Alhamisi iliyofuata mdomo ulikuwa unatabasamu na mashavu yalikuwa hayaendani nao, kwa hiyo mashavu pia yalikuwa yamebadilishwa. Baadaye macho yakalingana. Wiki moja bibi alifanana na Mama, wiki nyingine akafanana na yule jirani wa ghorofani anayeuza mayai. Kuna siku alifanana na Mama Mkubwa mwenyewe, nikaogopa. Kila jioni aliongeza matone ya mafuta ya kitani ili uso usikauke kabla hajaupatia. Vitambaa vya kufutia alivifua kwa sabuni, akavianika kwenye kamba dirishani. Ajabu yake ni kwamba rangi ile iliyofutika kirahisi kwenye turubai, kwenye vitambaa haikutoka kabisa.

"Mrudishe alivyokuwa ile siku ya mvua," nikamwambia.

"Ndicho ninachofanya, mwanangu, wewe unadhani ninafanya nini?" Hakuwahi kunijibu kwa ukali kabla ya siku ile. Alikaa kwenye kiti. Miguu ilikuwa imevimba tena kama enzi za kwa dobi. "Zamani nikifumba macho namwona Mama. Sasa nikifumba naona picha. Naona mdomo wa juzi, naona pua ya jana. Yeye simwoni."

Kesho yake nilipitia kwa Miwani Mbili. Nilimuuliza kama kuna dawa ya kurudisha rangi iliyofutwa. Alivua miwani ya machoni, na ile ya kwenye paji akaisahau pale pale.

"Picha ilikuwa imepatikana?"

"Siku moja."

"Hakuna, binti," akasema. Hakusema kwamba alituonya. Alinipa ufutio bure, nikauweka mfukoni bila kujua wa nini.

Mama alichoka kusubiri. Jumapili moja akavaa gauni lake la kwendea harusini, akapaka mafuta mikononi na kusema leo anaenda kumwona mama yake, amekamilika asikamilike. Nilimfuata.

Mama Mkubwa alifungua mlango na kutupisha. Turubai lilikuwa juu ya meza ya pasi. Gauni la maua lilikuwepo, mabega yalikuwepo, mkono ulikuwa umeshika mgongo wa kiti. Mahali pa uso alikuwa amefuta mpaka kwenye ile kahawia ya chini. Kando yake, kwenye pini, ilikuwepo ile picha ya zamani. Zilikuwa sawasawa, ila moja kubwa na moja ndogo.

Mama alisimama mbele ya turubai na mkoba wake mkononi.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema Mama Mkubwa. "Nimempoteza."

"Gauni umelipatia, dada," Mama akasema. "Mpaka mikunjo." Kisha akaketi kitandani, wakashikana mikono, na hakuna aliyelia mbele yangu. Juu ya kabati niliviona vile vitambaa, vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine, na madoa yao ya kahawia na waridi.

Tukiwa njiani kurudi, Mama akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ulimwona?"

"Mara moja. Alhamisi ya mvua."

"Alikuwaje?"

Nikamwambia juu ya mashavu, na kichwa kilichogeuka kama aliyeitwa, na jicho moja dogo. Akatembea huku anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima.

Tangu hapo huniuliza mara kwa mara, mahali popote. Akichambua mchele. Akifunga mlango. Juzi alikuwa anaosha vyombo na mimi nafuta. "Hebu niambie tena," akasema, nami nikaanza kama kawaida. Mashavu membamba. Kichwa kimegeuka. Jicho la kushoto dogo, na nyusi zinakaribia kukutana hapa katikati.

Mama aliacha sahani ndani ya maji.

"Nyusi hukuwahi kuzisema," akasema. "Na la kushoto pia. Siku zote ulisema jicho moja tu."

Nilibaki na kitambaa mkononi. Nikafumba macho nitazame vizuri. Niliiona meza ya pasi, nikaliona gauni, ua kwa ua. Nikapandisha macho juu kidogo, polepole, mpaka mabegani, na Mama akiwa amesimama pale, mikono ikichuruzika maji, akinisubiri.