Jiwe Lililokaa Kiti cha Nyuma

Mimi sigombani na matrekta. Nagombana na watu, tena wanaostahili. Lakini wiki ile nilichukia kila trekta lililobeba miwa kati ya Kabras na mjini Kakamega, kwa sababu mume wangu alisimama mlangoni jioni ya Jumatano, uso kama wa mtu aliyetoka msibani, akaniambia jiwe limeruka kutoka gurudumu la trekta likapasua kioo cha mbele cha gari.

Gari lenyewe ni kubwa na kuukuu, la safu tatu za viti, aina ile ya kupanda vilima na kuvuka matope. Lilikuwa limeshalea familia mbili kabla ya kufika kwetu. Mume wangu huliita gari lake. Mimi ndiye ninayelijua. Kila asubuhi saa kumi na mbili najaza humo watoto saba wa majirani, wangu wa miaka mitatu anakuwa wa nane, nawapeleka shule, na saa tisa nawarudisha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata mtoto kabla ya kupata ajira, na siku nilipoona jinsi akina mama wa mtaa wetu wanavyoteseka na viatu vya watoto kwenye matope ya alfajiri, nilitoa ufunguo ukutani bila kumuuliza mtu. Mume wangu ni karani. Nampitisha ofisini kwake mwisho kabisa, kama mzigo uliobaki.

Jumatano hiyo alikuwa ameniomba gari aende Malava kumwona shangazi yake. Alirudi na ufa, pole nyingi, na miwa minne mirefu begani.

"Hiyo miwa umebeba na nini?" nikamuuliza. Maana gari langu lina sheria moja: muwa hauingii. Muwa uliochomwa shambani una masizi, masizi yanaingia kwenye sare za watoto, na utamu ukidondoka kitini, kesho yake una siafu.

"Nimenunua hapa tu kwa njia panda. Si unaona nimebeba kwa bega?"

Niliona. Niliamini. Nikaketi kibarazani nikamenya muwa kwa meno, nikatafuna na kutema makapi huku nikilaani matrekta, madereva wa matrekta na mama zao. Mume wangu alikuwa ananikatia vipande vidogo vidogo na kuniwekea kwenye sahani. Kwa miaka mitano ya ndoa hajawahi kunikatia muwa. Hapo ningejua.

Alhamisi asubuhi ufa ulikuwa na urefu wa kidole. Kila tuta nililovuka, uliongezeka. Ijumaa ulikuwa umevuka hadi upande wangu, na askari wa trafiki ambaye kila siku hunipungia mkono siku hiyo aliutumia kunisimamisha.

"Mama, hii kitu ikikuangukia na hao watoto?"

"Haitaanguka."

"Jumatatu nikiiona tena, unashuka, na hao wote wanaenda na miguu."

Mtoto mmoja wa darasa la pili akauliza kama anaweza kushuka sasa hivi.

Maneno husafiri. Saa tisa nilipowarudisha, mama wa watoto watatu kati ya wale saba alikuwa ananingoja langoni kwake, mikono kiunoni. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini kama Jumatatu hutakuja, niambie sasa. Kuna hiyo gari ya njano inapitanga hapa, na ina nafasi."

Nilijua hesabu ya mtaa wetu. Akienda huyu na watatu wake, mama wa nyumba ya pili anamfuata na wawili wake, kwa sababu hao mama wawili hata kanga wananunua siku moja. Nabaki na watoto wawili na gari la kubebea harusi. Kwa hiyo Jumatatu saa kumi na mbili ilibidi niwe langoni, na kioo kizima.

Jioni hiyo hiyo nilipitia Lubao kununua kuku, na nikamwona. Dereva wa trekta. Ameegesha trela lake la miwa kando ya barabara, anakunywa chai na mandazi kama mtu asiye na dhambi. Nilimwendea moja kwa moja, kuku mkononi.

"Ninyi watu mnajua mnachofanya huko barabarani?"

"Tumefanya nini tena, shemeji?"

"Mimi si shemeji yako. Mnarusha mawe! Mmenipasulia kioo!"

"Mama, hii trekta inatembea kama ng'ombe mgonjwa. Jiwe litaruka na nguvu gani?"

"Usinijibu!"

Watu wakaanza kukusanyika. Siku ya soko watu wa Lubao huacha hata bei ya mbuzi ili wasikilize ugomvi. Dereva akaniangalia, akamwangalia kuku, kisha akaangalia mkono wangu wa pili.

"Na huo muwa unaotafuna, mama, wewe unafikiri uliletwa na ndege?"

Walicheka mpaka kuku akaanza kupiga kelele. Niliondoka nimenyooka, muwa mkononi, maana kuutupa ingekuwa kukubali kushindwa.

Jumamosi tulilipeleka gari kwa fundi wa vioo. Ni mzee mfupi anayevaa koti jeupe kama daktari, na karakana yake, ingawa ni mabati matupu, imefagiwa kuliko jikoni kwangu. Kioo cha gari la umri ule hakipatikani Kakamega. Nilikuwa nimempigia simu Ijumaa, kikaletwa kutoka Kisumu, kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mzee hakuligusa gari kwanza. Alilizunguka. Akainama. Akapitisha ukucha juu ya kioo kwa nje, polepole, kisha akaingia ndani akafanya vivyo hivyo. Akatoka.

"Mama, umesema ni jiwe?"

"Ni jiwe la trekta."

"Hilo jiwe lilikuwa limekaa kiti gani?"

Sikuelewa. Akanishika mkono akauweka ukucha wangu pale pale ufa ulipoanzia. Nje, laini. Ndani, kishimo. Kioo cha mbele, alinieleza, ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, na utando wa plastiki katikati. Kilichopigwa kwa nje huumia nje. Chetu kilikuwa kimepigwa kutoka ndani. Kisha akabana kitu kidogo kwa kucha mbili kutoka kwenye kile kishimo, akakiweka kwenye kiganja changu: uzi mmoja wa ganda la muwa, mweusi kwa masizi.

Niligeuka. Mume wangu alikuwa amechuchumaa anakagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Baba," nikamwita. "Inuka."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Niambie sasa, hadharani."

Ikatoka vipande vipande. Shangazi yake alimkatia miwa. Ni mirefu, ikalazwa kutoka buti, katikati ya viti, hadi mbele kwenye dashibodi. Ncha ikawa inaangalia kioo, imebakisha nafasi ya ngumi. Karibu na mjini akakuta tuta ambalo alilijua tangu utoto lakini siku hiyo akalisahau. Akakanyaga breki. Gari likasimama. Miwa haikusimama.

"Minne yote?"

"Mmoja tu. Hiyo ingine ilinipita hapa kwa sikio."

Fundi alicheka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba ule ushahidi wote nilikuwa nimeutafuna mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka kwenye sahani. Na Lubao nzima ilinishuhudia nikitafuna cha mwisho.

"Fundi," nikasema, "kazi yako inahitaji watu wangapi?"

"Wawili. Kijana wangu ameenda kwao."

"Huyu hapa."

Kutoa kioo cha zamani si kukipiga teke kama nilivyodhani. Unapitisha waya mwembamba ndani ya gundi, mmoja anashika ncha akiwa ndani ya gari, mwingine nje, na mnavutana, huku na huku, kama watu wawili wanaokata mti kwa msumeno. Mume wangu aliwekwa ndani, na shati la ofisini, jua la saa sita juu ya bati. Kila alipopumzika mzee aligonga paa. "Vuta, boss! Jiwe halikuchoka hivyo!"

Kioo kilipotoka, mzee alinusa ukingo akakunja uso. Aliyekibandika zamani alikuwa ametumia gundi ya bafu. Ndiyo maana msimu wa mvua mtoto wa kiti cha mbele alikuwa akishuka na bega moja limelowa, nami nilimlaumu yeye na chupa yake ya maji. Chini ya hiyo gundi, fremu ilikuwa imeliwa na kutu.

"Leo sibandiki," mzee akasema.

"Mzee wangu, Jumatatu nina watoto."

"Ndiyo maana sibandiki. Kutu inasuguliwa, inapakwa rangi, inakauka. Gundi inashika rangi, haishiki kutu. Kesho mkitoka kanisani, mje."

Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Nilikuwa nimeshagombeza mtu asiye na kosa wiki ile, na ladha yake bado ilikuwa mdomoni. Kwa hiyo hasira niliigeuza. Mume wangu alisugua kutu kwa msasa mpaka nyusi zake zikawa nyekundu. Alipomaliza tulirudi nyumbani, nikampa yule kuku wa Lubao, ambaye alikuwa bado hai kwa sababu hasira zilinisahaulisha kumchinja, nikamwambia ampelekee dereva wa trekta.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Ujaribu uone vile unasikika."

Alirudi jioni. Dereva alikuwa amempokea kuku, ingokho kama tunavyomwita kwetu, kwa heshima zote, akasema anasamehe, ila anaomba siku nyingine nikija kumgombeza nimletee na muwa wangu, kwa maana nilitafuna vizuri.

Jumapili baada ya ibada mzee alimwaga gundi nyeusi kuzunguka fremu, mstari mmoja usiokatika, mnene kama jongoo. Akaweka kioo kipya kwa vikombe vya raba vinavyonyonya, akakibonyeza, akakifunga utepe pembeni. Kisha akanigeukia mimi, si mume wangu, ambaye alikuwa mbali bombani akinawa mikono.

"Asubuhi unaweza kuendesha. Usivuke matuta kwa mbio. Mvua haina shida. Shida ni mlango. Mlango ukipigwa, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea, na pahali laini ni hapa." Akagusa gundi. "Acha dirisha wazi kidogo. Na mlango ufungwe kama wa chumba mtoto amelala. Mpaka kesho hii saa."

Watoto wanane. Kila mmoja hufunga mlango kana kwamba gari limemtukana. Nilifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, na tulipofika nilikuwa nimeshaamua.

Jumatatu saa kumi na mbili mume wangu alikuwa amevaa suti ya ofisini na tai. Kila lango, gari liliposimama, alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akasema "Karibu," akampandisha mtoto, akafunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, mpaka ulipobana. Langoni kwa yule mama wa watoto watatu, gari la njano lilikuwa tayari limefika, linanguruma. Mama alikuwa ameshika mfuko mmoja wa shule, hajui aupeleke wapi. Akaangalia kioo changu, kinang'aa, hata alama ya utepe bado ipo. Akamwangalia karani mzima wa ofisi, na tai yake, anamfungulia mtoto wake mlango kama wa bibi harusi.

"Hii ni ya leo tu?" akauliza.

"Ni utaratibu wetu mpya," nikasema.

Watoto wake walipanda kwetu. Gari la njano likapiga honi ya hasira, likaondoka.

Askari alinipungia mkono. Tulivuka matuta kama tumebeba mayai. Shuleni mume wangu alishusha wote wanane, na wa mwisho, kifungua mimba wangu wa miaka mitatu, alimwonyesha kidole: "Baba, polepole. Kioo kimelala."

Tukabaki wawili. Nilimpeleka ofisini kwake. Alikuwa na jasho, wenzake walikuwa wamesimama langoni wanatuangalia, na kwa furaha ya kumaliza, akashuka akaupiga mlango wake kwa nguvu zote alizonazo.

Sote tuliganda. Mimi ndani, yeye nje, tunaangaliana kupitia kile kioo. Nilihesabu mpaka kumi. Nikakigusa pembeni kwa kidole kimoja. Hakikusogea hata unywele.

Mzee wa koti jeupe anajua kazi yake.

Nilishusha dirisha. "Umeona? Fundi alisema mwezi mmoja. Mwezi mmoja, baba, kila lango, kila siku. Na leo umeanza vibaya."

Aliomba msamaha mbele ya wenzake. Ni wiki ya tatu sasa. Amekuwa hodari; kuna mtoto hakubali kushuka mpaka aambiwe "Karibu tena," na nyumba mbili zaidi zimeniuliza kama nina nafasi. Fundi alisema siku moja tu. Mume wangu akisoma hapa ndipo atajua, na akija kuniuliza huo mwezi ulitoka wapi, nitamwambia uliruka kutoka gurudumu la trekta.