Tamasha Lililompita Mama

Mama yangu anapenda muziki wa roki. Watu wa kanisani kwetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, hawaamini nikiwaambia, maana wao humwona Jumapili mstari wa mbele wa kwaya, kitambaa cheupe kichwani, akiimba sauti ya kwanza. Lakini Jumamosi asubuhi, akifua, nyumba yetu hutetemeka kwa magitaa.

Ni Baba aliyemwambukiza. Alikuwa karani wa reli, na alipokuwa akimposa alikuja kwao na redio ya kaseti mkononi, pale ambapo wanaume wengine wangebeba sukari na mkate. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Kanda zake ziliharibika moja moja, Mama akahamia kwenye simu yangu.

Walienda tamasha la roki mara moja tu, katika ukumbi mmoja mjini, la bendi ya vijana wa hapa hapa Nairobi. Akisimulia, Mama hukazia kwamba Baba alitoa kiingilio mfukoni pale pale mlangoni, na walipotoka bado walikuwa na pesa za chipsi na soda.

Mwaka jana nikaona tangazo kwenye simu. Nikamfuata jikoni.

"Mama, wanakuja."

"Nani?"

Nilipomtajia ile bendi ya Wazungu, ile ya kanda za Baba, alizima gesi.

"Kumbe bado wako hai?"

"Wako hai. Na wanakuja hapa Nairobi."

Aliketi akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Sasa nitavaa nini?"

Tiketi ya bei ya chini kabisa ilikuwa elfu tatu na mia tano. Mimi hufundisha chekechea mtaa wa jirani wa Mowlem, na mwezi ulikuwa bado haujaisha. Nikamwambia asubiri wiki moja tu, mshahara uingie. Wiki hiyo Mama alianza mazoezi. Kila jioni alivaa raba akatembea hadi Mowlem na kurudi, ili magoti yazoee, maana alisikia kwamba siku hizi watu husimama tamasha zima. Jirani alipomuuliza anakwenda wapi kila siku, alimjibu, "Nina safari."

Siku ya mshahara nikafungua simu. Tiketi za chini zilikuwa zimeisha. Zilizofuata zilikuwa elfu nane. Nilidhani nimekosea, nikafunga, nikafungua tena. Siku ya pili yake nikaenda mjini, kwenye duka lililokuwa likiuza tiketi hizo, nikiamini kwamba mtu akikuona uso kwa uso atakusikiliza.

"Zile za mwanzo ziliisha siku ya pili, madam," msichana wa kaunta aliniambia. "Kuna watu walinunua nyingi kwa pamoja. Sasa wanaziuza mtandaoni ghali kutushinda sisi."

"Hakuna hata moja mnayoweza kunitafutia? Ni ya mamangu. Ana miaka sitini na minne."

"Bei siyo sisi tunaweka. Inapanda yenyewe kwa mashine." Aligeuza kioo cha kompyuta nijionee. "Ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Hata mimi siendi."

Nilimwamini. Nilitoka pale nikitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa.

Nyumbani nilimwambia Mama nitakopa kwa simu.

"Ukikopa, siendi. Utanibeba kwa nguvu?"

Basi nikaamua kumnunulia yake peke yake. Nilijinyima, nikafundisha watoto wawili wa jirani kusoma baada ya kazi, na baada ya wiki tatu nikawa na zile elfu nane. Tiketi ilikuwa imefika elfu kumi na moja. Kila nilipofika, bei ilikuwa imeshaondoka. Redio moja ikatangaza kwamba watakaopiga simu kwanza watapewa tiketi za bure. Nilipiga asubuhi nzima, watoto wa darasa langu wakinywa uji na kumwagiana mezani, na simu haikushika hata mara moja.

Mama hakuniuliza kitu siku zote hizo. Aliendelea kutembea jioni. Halafu siku moja nikarudi kutoka kazini nikamkuta miguu mitupu mbele ya televisheni, akitazama habari. Tangu jioni hiyo hakutembea tena.

Tamasha lilikuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo alifua nguo bila muziki, akazianika, akaenda sokoni. Mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari ya watoto na sikuona hata nilichosahihisha.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, akasema, "Hebu nione. Najua wameweka kwenye simu."

Nikamtafutia video. Ilikuwa imechukuliwa kutoka mbali, waimbaji wadogo kama kucha, sauti ikikwaruza. Mama hakutazama jukwaa. Alitazama vichwa vya watu, maelfu, mikono imeinuliwa.

"Wamejaa hivi?"

"Wamejaa."

"Hawa wote pesa wanazitoa wapi?"

Nikamwambia labda bendi itarudi tena mwaka mwingine, na hapo tutajipanga mapema.

"Kwa umri ule wao?" akasema. "Na huu wangu?"

Akanirudishia simu, akaingia chumbani kulala kidogo. Nikabaki mezani na sahani chafu, nikipiga hesabu ya mshahara wangu na kujua kwamba hata wangerudi kesho, ningemwambia yale yale: asubiri mshahara uingie.