Siku Mjumbe Alipotoka Nje

Huwezi kuingia kwenye mtaa wa watu na kinasa sauti ukaanza kuwauliza kama viongozi wao wanawasikiliza. Unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, unasalimia, unaeleza kilichokuleta, kisha unapewa mjumbe wa kamati akutembeze. Ndivyo ilivyokuwa Goba, huko vilimani pembezoni mwa Dar es Salaam, na mimi niliyekulia Temeke sikuona ajabu yoyote. Tatizo ni kwamba mjumbe akishakufikisha kwa mwenye nyumba haondoki. Analetewa kiti, anakaa. Namuuliza mama wa watu, mjumbe akiwa hapo hapo, kama ana imani na uongozi wa mtaa. Mama anamtupia jicho mjumbe, anatabasamu, anasema tunashukuru.

Nilirudi ofisini kwetu na "tunashukuru" nyingi kupita kiasi, na zilinitia hasira. Sikuwachukia waliozisema. Nilikichukia kile kiti.

Mradi wetu ulikuwa unachunguza ile siasa ya "sisi wananchi na wao wakubwa", ya mtu kupanda jukwaani akadai yeye peke yake ndiye anayewasemea watu. Kwenye andiko la mradi iliitwa populizimu, neno ambalo sikuthubutu kulitamka kule kilimani. Tulitaka kujua watu wa pembezoni mwa jiji wanaitazamaje demokrasia: wanataka kushirikishwa, au wanatamani tu mtu mmoja mwenye nguvu awamalizie mambo. Mazungumzo tuliyorekodi tuliyaingiza kwenye programu ya akili mnemba. Programu iliyageuza kuwa maandishi, ikatenganisha sauti za wasemaji, kisha ikaipaka kila sentensi rangi. Kijani ilikuwa imani kwa viongozi, njano mashaka, nyekundu uadui. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago, na patasi zao ziligonga siku nzima huku mimi nikiwasikiliza watu wa Goba kwenye spika za masikioni.

Mtaa ule ulitoka kijani mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja. Pale palikuwa pamewaka nyekundu kuliko sentensi yoyote tuliyokusanya tangu tuanze kazi, hata katika mitaa ya Kibamba tuliyoitembelea kabla. Nilijua ni nani kabla sijabonyeza kusikiliza.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyehamia Goba na mumewe kutoka Bukoba wakati Goba bado ni pori na mikorosho. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Jirani yake wa chini, mtu mwenye magari yake na ambaye akipiga simu wakubwa wanapokea, alikuwa amejenga ukuta juu ya jiwe la mpaka na kumeza nusu ya njia inayokwenda getini kwa Mwalimu. Gari la maji halikuweza tena kufika kwake, akawa ananunua kwa madumu na kulipa wa kumpandishia. Alishapeleka malalamiko. Jibu alilopewa ni kwamba kamati italimaliza jambo hilo yenyewe, ndani. Na kila mtu alijua likimalizwa ndani, njia imekwenda.

Siku nilipofika kwake alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na mjumbe naye akapewa yake. Mjumbe alikuwa mzee wa Lindi, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono isiyotoka kichwani. Mwalimu alijibu maswali yangu kama wenzake, tunashukuru, hatujambo, tunaendelea. Katikati ya maswali mjumbe akainuka, akaweka simu sikioni, akatoka akisema haloo, haloo, mpaka getini. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mie sitaki kiongozi mzuri wala mbaya," alisema. "Nataka kikao. Wakubwa wakishamaliza mambo yetu ndani, sie huku tunaletewa majibu tu, kama wagonjwa wanaomezeshwa dawa bila kuambiwa wanaumwa nini."

Hiyo ndiyo sentensi iliyowaka. Programu iliona "sitaki kiongozi", ikaona "wakubwa", ikaona "sie", ikahitimisha kwamba huyu ni adui wa uongozi. Nilibishana na skrini kama mwehu. Mwanamke aliyeomba watu wakae pamoja, wazungumze mbele ya wote, ndiye aliyewekwa pembeni kabisa mwa demokrasia, na wale waliomwogopa mjumbe ndio waliohesabiwa wananchi wema. Niliisikiliza rekodi ile tena na tena kutafuta cha kumtetea Mwalimu. Nilisikia kiti cha mjumbe kikisukumwa nyuma, haloo zake zikififia, kikombe kikiwekwa chini. Mlio wa simu sikuusikia, nikadhani kinasa sauti ndicho kilichoshindwa kuunasa.

Kisha mwenyekiti wa mtaa akaanza kunipigia. Si mtu mbaya, na heshima alinipa tangu siku ya kwanza. Ila tulikuwa tumeahidi mrejesho, yaani kurudi kuwasomea wananchi tulichokipata, naye alitaka kujua mapema. Aliuliza matokeo yakoje, nikamwambia mazuri. Aliuliza mazuri yote? Nikasema karibu yote, na hiyo "karibu" aliisikia.

"Sista, kwani hiyo mashine haiwezi kukuonyesha hao wanaolalamika wako upande gani wa mtaa?" aliuliza. "Sio kwamba nataka kumfanya mtu kitu. Niwafuate tu, niwaelimishe."

Nilimwambia majina hatuyahifadhi. Ni kweli, hatukuyahifadhi. Lakini nilipokata simu nilijua kwamba jina halikuhitajika. Mtaa ule una mtu mmoja tu anayedai kikao kila anapofungua kinywa. Sentensi ile ingesomwa bila jina, na hadi watoto wa shule wangegeuka kumtazama Mwalimu. Na kesi yake bado ilikuwa mezani kwa watu hao hao.

Mkuu wa mradi alisema niiache sentensi ile ilivyo, kwani kanuni za usiri tulikuwa tumezitimiza. Nilimjibu vibaya, kwamba kanuni hizo ziliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na majirani. Nikaifuta kwenye ripoti ya mtaa. Ilibaki kijani safi, na nilijiona nimemkinga.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, uwanjani kwa ofisi ya mtaa, chini ya turubai. Meza kuu walikaa mwenyekiti, mtendaji wa mtaa anayeandika muhtasari, na wajumbe, mzee wa Lindi akiwa pembeni. Mrejesho wangu ulikuwa ajenda ya kwanza. Ya pili ilikuwa mipaka na njia. Jirani mwenye ukuta alikaa nyuma, miguu ameinyoosha. Mwalimu alikaa safu ya mbele, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba magotini. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba kwa furaha, na sikuelewa furaha ile ilitoka wapi.

Nilisoma. Nilionyesha chati kwenye shuka jeupe tulilolining'iniza, kijani kimepanda mpaka juu. Kila nilipofungua ukurasa mpya niliona Mwalimu akisogea mbele kidogo kwenye kiti, akisubiri, kisha akirudi nyuma. Nilipofika mwisho alikuwa ametulia kabisa.

Mwenyekiti alisimama akapiga makofi.

"Tumshukuru dada yetu," alisema. "Mmesikia wenyewe, na sio mie niliyesema, ni kompyuta. Mtaa umeridhika. Sasa ile ajenda ya mipaka, sioni sababu ya kuumizana vichwa hapa wakati watu wana imani na kamati yao. Tutaimaliza kule ndani."

Nilidhani nimemficha Mwalimu, kumbe nilimpa mwenyekiti kufuli la kufungia mlango. Nilitazama shuka, nikatazama chati yangu, nikatamani upepo uing'oe. Mtendaji alikuwa tayari ameinama kuandika. Baadhi ya watu walianza kukunja viti.

Mwalimu akanyoosha mkono. Hakungoja aruhusiwe.

"Mwenyekiti, naomba nimuulize huyu binti," alisema, akanigeukia. "Mwanangu, ulikuja kwangu, ukanywa chai. Niliyokwambia, kompyuta imeyapeleka wapi?"

Waliokuwa wakikunja viti waliacha. Jibu rahisi nilikuwa nalo. Ningesema programu ilikosea, wakati mwingine inaruka maneno, na hakuna mtu pale ambaye angenibishia. Mwenyekiti alinitazama akisubiri niseme hivyo hivyo. Nilimtazama Mwalimu, nikaona aibu mpaka machoni pakaniwasha.

"Kompyuta iliyaleta," nilisema. "Niliyeyatoa ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watakujua."

Akacheka kidogo, cheko la darasani. "Wananijua. Nusu yao nimewafundisha kusoma. Ningetaka kufichwa ningenyamaza, nimezoea. Yasome."

Mwenyekiti alianza kusema muda umekwisha. Mtu wa nyuma akasema asome. Mwingine akasema asome. Nikafungua kompyuta, nikaitafuta rekodi, nikasoma maneno yale yote, kiongozi mzuri wala mbaya, kikao, wagonjwa na dawa. Nikaongeza kwamba mashine iliyapaka rangi ya uadui, na kwamba mimi niliyefanya nayo kazi sikubaliani nayo, kwa sababu anayeomba kikao hajamchukia mtu. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Hakuna aliyepiga makofi. Jirani mwenye ukuta alikuwa amekunja miguu sasa. Mwenyekiti hakumtazama Mwalimu wala mimi. Aligeuka taratibu kwa mzee wa Lindi.

"Mjumbe," alisema, "wewe si ndiye uliyemtembeza huyu dada? Haya aliyasema ukiwepo?"

Nilimwonea huruma mzee yule. Kazi aliyopewa ilikuwa kukaa, na sasa alikuwa anaulizwa mbele ya mtaa mzima kama alikaa. Alisimama. Akavua kofia, ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa, akaishika kwa mikono miwili.

"Sikuwepo, Mwenyekiti. Nilitoka nje."

"Kufanya nini?"

"Kupokea simu."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la kumtosha, akaanza kugeukia karatasi zake. Mzee hakukaa.

"Simu yenyewe ilikuwa imezima," alisema. "Tangu asubuhi ya siku ile haikuwa na chaji. Nilitoka ili aseme."

Mzee alivaa kofia yake. Badala ya kurudi meza kuu alishuka, akavuta kiti cha plastiki, akakiweka safu ya mbele karibu na Mwalimu, akakaa, akanyoosha mkono juu.

"Mie naomba ajenda ya pili ijadiliwe hapa hapa," alisema.

Mkono mwingine ukapanda, wa mama mmoja aliyewahi kuniambia tunashukuru. Kisha mwingine, kisha sikuweza tena kuifuatilia. Mwenyekiti alisimama akitazama ile mikono kwa muda mrefu, akapangusa uso, akamwambia mtendaji aandike, ajenda ya pili. Mwalimu alifungua mkoba akatoa miwani.

Mimi nilikaa na kompyuta mapajani, chati ya kijani bado inaning'inia nyuma yangu. Rekodi ile nilikuwa nimeisikiliza kuliko rekodi nyingine yoyote. Mlio wa simu haukuwemo kwa sababu hakuna simu iliyolia.