Wakili Aliyekigombea Kijito

Mimi niliolewa na wakili, nikajikuta mke wa mkulima. Siku ya kwanza kuingia ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nilikuta joho lake jeusi limetundikwa nyuma ya mlango na chini yake mabuti ya mpira yenye tope bichi. Dirishani alikuwa ameotesha pilipili kwenye makopo ya maziwa. Mteja aliyeingia na kesi ya mirathi alitoka na ushauri pamoja na mche. Wenzake mahakamani walimwita Jembe, naye alilipenda jina hilo kuliko cheti chake.

Shamba letu lilikuwa bondeni, nje kidogo ya mji, kijito kikipita kando yake. Nyanya, vitunguu, migomba ukingoni. Alfajiri yuko matutani, na mahakama ikifunguliwa yuko mbele ya jaji akitetea watu, amenawa mpaka viwiko, lakini kucha zilimsaliti. Jaji mmoja aliwahi kumuuliza mbele ya watu kama alikuwa ametoka kuzika ushahidi. Alicheka kuliko wote.

Kisha kijito kikaanza kupungua. Tulidhani ni kiangazi tu. Yeye akakifuata kwa miguu hadi kule juu, akarudi uso umemsawijika. Wenye shamba kubwa la maua walikuwa wamejenga ukuta na kugeuza maji yote yaingie bwawani mwao. Majirani wa bondeni walipokuja kwake hawakuhitaji kumbembeleza. Alifungua kesi kwa niaba yao, ila shamba lake mwenyewe hakulitia kwenye madai, wasije wakasema anapigania tumbo lake.

Kesi ile ilituchosha. Upande wa pili kazi yao ilikuwa kuomba muda. Mara shahidi anaumwa, mara jalada halionekani, mara jaji amehamishwa na mpya anataka kusoma upya. Huku mahakama ikiahirisha, bonde lilikuwa linakufa. Nyanya zilinyauka zikiwa na maua. Mume wangu akawa anachota maji bombani kwetu na kuyapeleka shambani kwa ndoo, safari baada ya safari, suruali ya mahakamani imelowa hadi magotini. Nilimsihi aiache kesi, au aliache shamba, kimoja kati ya hivyo. Akanijibu kwamba akinyamaza, watasema watu wa bondeni wameridhika.

Asubuhi moja alichelewa kurudi, nikamfuata. Nilimkuta ameketi kati ya matuta, ndoo imelala, mdomo umepinda upande mmoja. Hospitali walisema ni kiharusi.

Mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono mmoja ukabaki umelegea. Maneno hayakurudi. Yaani kichwani alikuwa nayo, ila mdomoni yalitoka mengine kabisa. Akitaka kijiko anaomba dirisha. Binti yetu alikaa naye akimtajia vitu kama anayemfundisha mtoto kusema, naye akikosea anapiga meza kwa kiganja, machozi yanamlengalenga. Mtu aliyekula kwa ulimi wake maisha yote.

Tarehe ya kesi ilipokaribia nilizunguka kutafuta wakili mwingine. Mmoja alikuwa ameshawahi kuwafanyia kazi wenye maua, mwingine alisema ana safari, waliobaki walinipa pole na kunisindikiza mlangoni. Mwanafunzi wake aliyemlea pale ofisini, msichana hodari, alikuwa masomoni mbali. Mume wangu akanionyesha joho kwa kidole. Nikamvisha. Mungu anisamehe, nilimvisha.

Mahakamani alisimama, mkono mzima umeshika meza.

"Mheshimiwa jaji," alianza, na maneno hayo yalitoka mazima. Nikashusha pumzi. "Wateja wangu wanaomba nyanya."

Nyuma mtu akacheka. Niliona kwamba alijua amekosea.

"Si nyanya," akasema. "Wanaomba ngazi. Ngazi, mheshimiwa."

Akaiachia meza akawageukia majirani, mkono ule mzima umenyooka kwao, kama anayeomba wamsaidie kulitafuta hilo neno. Hakuna aliyethubutu. Hata wakili wa upande wa pili aliinama akajifanya anasoma. Jaji akasema kwa sauti ya chini, "Kaa, wakili." Kesi ikaahirishwa hadi apatikane mtu mwingine.

Kwenye ukumbi wa nje jirani yetu wa karibu, mzee tuliyepakana naye shamba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wakili, hatukulaumu hata kidogo," alimwambia. "Ila sisi tunahama."



Nyumbani alikataa chakula, akawa ananyoosha kidole upande wa bondeni mpaka nikampeleka. Migomba ilikuwa imelala chini. Akapiga magoti akaanza kuchimbua kijito kile kikavu kwa mkono wake mzima, mchanga na kokoto, mpaka kucha zikatoka damu. Nilimwita, hakugeuka. Nikaketi karibu yake kwenye vumbi.

Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mvua. Wa kumzika bondeni walikuwa wachache, maana wengi walikuwa wameshaondoka.

Yule msichana aliporudi kutoka masomoni aliichukua kesi, akaishinda. Ukuta ukavunjwa. Binti yangu akanishika mkono tukashuka kuona. Maji yalikuja ya kahawia, yakisukuma majani makavu, yakapita kando ya nyumba zisizo na milango na mashamba yaliyoota magugu. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuyateka.

"Mama, tumeshinda," binti yangu aliniambia. "Mbona hufurahi?"

"Nikamwambie nani?" nilimuuliza.

Tulisimama pale, na mimi nilikuwa na hasira na maji yale kana kwamba ni mtu.