Marehemu Asikatwe Miguu

Shida ilinianza mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa, nikaacha darasa la nne, nikachunga ng'ombe za watu. Kamera nilijifunza ukubwani bila mwalimu, na mwenye cheti wa kunishinda sijamwona.

Mwaka juzi niliitwa matangani Chekalini, kule Lugari. Huku kwetu mtu hazikwi kabla familia haijapigwa picha na jeneza. Anayekosa kwenye picha ya wake na watoto, siku ya kugawa shamba ataulizwa, "Na wewe ni wa nani?"

Marehemu aliacha wake wawili. Bibi mkubwa na vijana wake walijaza upande wa kichwa. Bibi mdogo akasimama miguuni pa jeneza na watoto wake watatu.

Kijana wa kwanza wa bibi mkubwa akaninong'oneza, "Mzee, vuta karibu. Ukate pale kwa maua juu ya jeneza."

Nikachungulia. Mimi sinong'onangi, kwa hivyo nikajibu kwa sauti, "Nikikata hapo, baba yenu hana miguu."

Bibi mdogo akasikia. Akashika watoto mikono, hakusogea.

Dada ya marehemu, shangazi ambaye vijana humwita senge, akaruka. "Ati hana nini? Kwa miguu hiyo ndugu yangu alienda mpaka Mumias kutafuta ng'ombe za kuoa mama yenu!"

"Basi senge," kijana akasema, "tugeuze jeneza lielekee kamera."

"Mgeuze? Hiyo ni toroli? Mzee wa kamera, panua!"

Nikazungusha lenzi. Bibi mdogo akaingia na watoto wake.

"Panua tena, mimi niko wapi?"

Nikapanua. Senge akaingia, wakaingia wapishi na sufuria zao, likaingia na dume la ng'ombe lililofungwa nyuma, likitafuna shada la maua ambalo vijana walinunua mjini kwa maringo. Nikabonyeza.

Kijana akaniapia kwamba kazi Lugari sitaona tena.

Siku ya shamba, bibi mdogo aliweka ile picha mbele ya wazee wa ukoo. Wakacheka dume kwanza, wakapangusa macho. Halafu wakaangalia watoto: wote watatu na pua ya marehemu. Mama akapewa upande wake, amepanda mahindi.

Kijana hanisalimii. Asinisalimie. Nina studio Shieywe, kamera mbili, printa, nyumba ya mawe, ng'ombe watatu wa maziwa na ekari moja ya miwa.