Nyakuoth na Watoto wa Vunjajungu

Nyakuoth, fundi wa nguo pale Kakuma, alikuwa akipasua kuni asubuhi moja alipoona kitu kama povu lililokauka kwenye tawi la mgunga. Likampendeza. Akaliweka tawi hilo karibu na cherehani, akaendelea na shughuli zake. Siku ya tisa akakuta meza imejaa wadudu wembamba kama nyuzi, kumbe lile povu lilikuwa mayai, kila mmoja amekunja mikono kifuani kama muumini kanisani.

"Vunjajungu hao!" Jirani yake Agot alipiga kelele mlangoni. "Watupe nje, dada. Ukiwagusa, kila chungu utakachoshika kitavunjika."

"Mimi napikia sufuria," Nyakuoth akajibu.

Akawakusanya kwenye beseni, akafunika kwa kipande cha chandarua. Kesho yake, kati ya wale themanini na kitu, wakawa wamebaki ishirini na watatu, tena wamenona. Akakimbilia kwa Mwalimu Awino, anayefundisha sayansi shule ya jirani.

"Wanakulana, mama," Awino alicheka. "Kila mmoja apate chumba chake. Wape vijinzi, wale wanaorukia ndizi zilizooza, na matone ya maji kila asubuhi."

Nyakuoth akaokota chupa za plastiki, akazikata shingo, akazipanga chini ya kitanda kwenye ubaridi. Nyumba ikanuka ndizi. Wateja waliokuja kupimwa magauni wakapiga magoti kuchungulia uvunguni. Joto la Februari halikuwahurumia wadudu, na mwezi ulipoisha walibaki tisa tu.

Siku moja yule mkubwa kuliko wote akagoma kula. Akaning'inia kichwa chini, kimya, amepauka. Nyakuoth akasikitika kwelikweli. Akaichukua chupa ili akamtupe, lakini Agot, aliyedai amepita kuomba chumvi, akamshika mkono.

"Ngoja! Anasogea!"

Mgongo ukapasuka. Taratibu akachomoka mdudu mpya, kijani laini, akiliacha gamba lake likining'inia kama nguo kuukuu. Wanawake wawili wakakaa sakafuni wakimtazama, chai ikapoa.

"Dada," Agot akasema mwishowe, "nigawie mmoja."

Walipoota mabawa, Nyakuoth aliwaachia saba kwenye magunia ya udongo alimopanda sukuma wiki, na panzi wakaanza kupungua. Mmoja alibaki naye. Wa tisa alikwenda kwa Agot, akapewa jina la Askofu, na ole wako umwite mdudu mbele ya Agot.