Fundi wa matrekta ambaye mkewe humsikilizia bolti

Mvua imekatika asubuhi hii. Maduhu Ng'wandu amepiga magoti kwenye tope, nje kidogo ya Katoro, ameshika spana aliyoichomekea bomba refu ili aongeze nguvu. Nyuma yake amesimama mkewe, Vumilia, kiganja chake kikiwa mgongoni mwa mumewe.

Maduhu anavuta. Spana inasogea. Mara Vumilia anamkandamiza mgongoni, naye anaacha papo hapo.

"Imenyamaza," Vumilia anamweleza mwandishi. "Bolti yenye kutu ikilia, inatoka. Ikisogea kimya, inajinyonga. Hiyo inakatika."

Maduhu hajasikia maelezo hayo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Rwamgasa, bila cha kuziba masikio. Ukweli usemwe: dhahabu ilikuwa ya wengine, yeye aliondoka na uziwi. Leo hasikii mpaka umpigie kelele sikioni.

Msimu uliopita alikata bolti mbili za trekta la mteja, na Katoro maneno hayahitaji bodaboda. "Nilikaa bila kuitwa popote," anasema kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani. "Nikajua ufundi wangu umekwisha."

Ndipo Vumilia alipoacha kuuza mihogo sokoni, akaanza kufuatana naye kazini.

Trekta la leo ni la Sostenes, mkulima wa mpunga. Bolti ya gurudumu ikikatikia ndani, litalala hapa huku mvua za kulimia zikipita. Sostenes amesimama pembeni, macho kwenye spana.

Maduhu anairudisha bolti nyuma, anaikaza kidogo. Anaipasha moto, kisha anaigusisha mshumaa, nta inayeyuka na kupenya ndani. Anavuta tena, taratibu. Safari hii bolti inalia, mlio mkavu wa kutia ganzi meno. Kiganja cha Vumilia kinatulia. Bolti inatoka nzima.

"Wabeja," Sostenes anashukuru, akijifuta uso.

Kazi ngumu kama hii humpatia Maduhu Sh30,000. Wanadunduliza wanunue kifaa cha kusikia, ili afanye kazi peke yake. "Mama Justa amechoka kusimama matopeni kwa ajili yangu," anasema, akimwonyesha mkewe kwa kidole.

Vumilia anatikisa kichwa.

"Bolti nitamsikilizia hata nikizeeka, si kitu," anasema. "Mimi nataka siku moja nimwite akiwa ameinama hivi, 'Baba Justa,' naye ageuke."